Kwa Nini Wachezaji Walimchukia Hope?

Katika hadithi za wazee wetu aliye mdogo hupendwa. Sungura hana meno ya kutisha wala makucha, naye ni mdogo kuliko fisi na simba, lakini wasikilizaji wote huwa upande wake. Basi ni ajabu kuona ya kuwa katika michezo ya kompyuta, ambayo siku hizi ndiyo hadithi za vijana wengi, mambo mara nyingi huwa kinyume. Shujaa hupewa mwenzi mdogo wa kufuatana naye safarini, mtoto au kijana, na waliotunga mchezo hutumaini kwamba mchezaji atampenda. Badala yake mchezaji humchukia. Huudhika akisikia sauti yake, humcheka akianguka, na akipata nafasi ya kumwacha nyuma, humwacha.

Katika somo hili twataka kutafuta sababu ya chuki hiyo. Hatutataja watoto wote wa michezo yote, maana hao ni wengi. Tutamtazama mmoja aliyelaumiwa sana, jina lake Hope Estheim, kisha tutamlinganisha na wengine wachache. Mwisho tutauliza kama lawama hiyo ilikuwa ya haki.

MCHEZO WENYEWE

Kwa ajili ya wasomaji ambao hawajapata kucheza michezo hii, hasa baadhi ya wanafunzi wetu wa zamani, yafaa tueleze kidogo. Mchezo wa ngano ni hadithi ndefu ya mambo ya ajabu, yenye uchawi, majoka na miungu. Hadithi hiyo haisomwi wala haisikilizwi tu, bali huchezwa. Mchezaji hukaa mbele ya televisheni akiwa na kifaa chenye vitufe mikononi, na kwa vitufe hivyo humwendesha shujaa: humtembeza, humpiganisha, humpeleka mbele au humrudisha nyuma. Hadithi nyingine huchukua saa 40 au zaidi, kwa hiyo watu huzicheza jioni baada ya jioni, kwa majuma kadha wa kadha.

Shujaa hayuko peke yake kila mara. Aghalabu huwa na wenzi, na wenzi hao huongozwa na mashine yenyewe. Mchezaji huwaona wakipigana kando yake, lakini hawezi kuwaamuru kila jambo. Hapo ndipo maneno huanza.

Mchezo tutakaoutazama huitwa Final Fantasy XIII. Ulitungwa Japani na kampuni ya Square Enix. Ulianza kuuzwa huko mwezi wa Desemba 2009, na katika Marekani na Ulaya mwezi wa Machi 2010. Wasafiri wake ni sita: Lightning, mwanamke askari; Snow, kijana mwenye mwili mkubwa na maneno makubwa; Sazh, baba wa mtoto mmoja; Vanille na Fang, wanawake wawili waliotoka mbali; na Hope, mvulana wa miaka 14. Jina la Hope maana yake ni Tumaini.

KISA CHA HOPE

Watu wa hadithi hii wakaa katika dunia iitwayo Cocoon, ambayo yaelea angani juu ya nchi ya Pulse. Hutunzwa na viumbe wenye nguvu kama za miungu, waitwao fal'Cie, nao huogopa kila kitu kitokacho Pulse kama watu waogopavyo tauni. Siku moja yagunduliwa kwamba karibu na mji wa pwani wa Bodhum pana fal'Cie wa Pulse. Serikali yaamuru watu wote waliokuwa mjini, wenyeji na wageni, wapakiwe garini moshi na kuhamishwa. Kumbe hakuna kuhamishwa. Watu hao wapelekwa kuuawa.

Hope na mama yake Nora hawakuwa watu wa Bodhum. Walikuwa wamekwenda kupumzika tu. Vita vilipozuka njiani, Nora alishika bunduki akaingia katika kundi la Snow, ili mwanawe aokoke. Daraja walilokuwa wakipigania likavunjika. Snow alimshika Nora mkono huku wote wawili wakining'inia, naye Nora akamwomba amfikishe mwanawe nyumbani. Kisha mkono ukamponyoka, akaanguka. Hope alikuwa mbali kidogo, akaona yote kwa macho yake.

Tangu hapo Hope amchukia Snow kwa moyo wake wote, lakini hawezi kumwambia. Snow naye hajui kwamba mvulana yule ndiye mwana wa Nora. Baadaye Hope na wenzake wapigwa chapa na fal'Cie, na watu wa Cocoon waanza kuwawinda. Mvulana huyu aandamana na Lightning kwa sababu ataka kujifunza nguvu, apate kulipiza kisasi.

Hicho ndicho kisa. Mtu akisimuliwa hivi tu, bila shaka atamhurumia. Basi kwa nini wachezaji wengi walimwita mlalamishi, mwoga na mzigo?

SABABU YA KWANZA: KOSA LAKE HULIPWA NA MWINGINE

Katika vita vya mchezo huu mchezaji huamuru mtu mmoja tu, yule aliye kiongozi. Wenzake hufuata kazi walizopangiwa: mmoja kushambulia, mwingine kuponya, mwingine kuwatia wenzake nguvu. Kiongozi akiangushwa, hata kama wenzake wote ni wazima, vita vimekwisha na mchezaji ameshindwa. Lazima aanze tena pigano lile.

Sasa, kati ya wasafiri wote sita, Hope ndiye mwenye uhai mchache. Silaha yake ni kijiti cha kurusha kinachorudi mkononi. Pigo ambalo Snow hulistahimili bila kuyumba laweza kumlaza Hope chini. Akianguka akiwa mfuasi, mchezaji huacha shambulio lake ili amwinue. Na kuna mahali ambapo mchezo wamweka Hope mwenyewe kuwa kiongozi. Hapo anguko lake ni anguko la wote.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiutazama begani kwake waona ni mwepesi. Katika hadithi ya kusomwa, udhaifu wa mtoto ni mzigo wa mwenziwe, nasi twautazama tu. Katika mchezo, mzigo ule watuliwa begani mwa mchezaji mwenyewe, naye autambua uzito wake.

Mfano mzuri wa jambo hili ni Tails, mbweha mdogo mwenye mikia miwili, katika mchezo wa Sonic the Hedgehog 2 wa mwaka 1992. Katika njia za kawaida Tails humfuata Sonic, huanguka mashimoni, hugongwa, kisha hurudi akiruka angani. Kuanguka kwake hakumgharimu mchezaji kitu, na watu humpenda. Lakini kuna njia za pekee ambamo mchezaji lazima akusanye pete za idadi iliyowekwa. Huko Tails hukimbia nyuma ya Sonic, na akigonga bomu, pete hupungua katika hesabu ya wote wawili. Huko watu humlaani. Mbweha ni yule yule, umri wake ni ule ule. Kilichobadilika ni nani alipaye kosa.

SABABU YA PILI: HAKUCHAGULIWA

Mtu humvumilia zaidi mwenzi aliyemchagua mwenyewe. Katika Final Fantasy XIII mchezaji hana hiari hiyo kwa muda mrefu. Hadithi ina sura 13, na karibu katika sura zote za mwanzo mchezo ndio upangao nani atembee na nani. Ukiambiwa utembee na Hope, utatembea na Hope, upende usipende. Kushurutishwa huko huzaa chuki, na kwa kuwa mchezaji hawezi kumkasirikia mtunzi asiyemwona, humkasirikia mvulana amwonaye.

SABABU YA TATU: SAA MBILI ZISIZOLINGANA

Sababu hii haisemwi sana, lakini naiona kuwa kubwa kuliko zote.

Mama yake Hope afa katika sura ya kwanza. Hope amkabili Snow kwa maneno na kwa kisu katika sura ya 7, katika mji wa Palumpolum alikozaliwa. Kwa saa ya hadithi, muda kati ya mambo hayo mawili ni mfupi sana, wa siku chache tu. Mvulana hajapata hata kulala kitandani kwake tangu mama yake alipokufa. Lakini kwa saa ya mchezaji, hapo katikati zimepita jioni nyingi. Amekwenda kazini au shuleni na kurudi, amelala na kuamka, amekula na kucheka, na kila awashapo mashine amkuta Hope yu katika huzuni ile ile. Mchezaji hujiambia, "Je, mtoto huyu hajanyamaza bado?" Kumbe kwa mtoto ni juzi tu.

Tena mchezaji ajua jambo asilolikubali Hope. Amewaona wote wawili. Ameona jinsi Snow alivyojitahidi kumshika Nora, na jinsi ajali ile ilivyomwumiza. Kwa hiyo akisikia Hope akinong'ona juu ya kisasi, huona ni upumbavu. Angetaka kumwambia, "Nenda ukaseme naye, mambo yaishe!" Lakini hawezi, maana vitufe vyake havina neno hilo. Lazima angoje sura baada ya sura, na mwenye kungoja hukasirika.

SABABU YA NNE: SAUTI

Huzuni ya Hope haimo katika picha tu, imo katika sauti. Mwenzi wa safari husema njiani, husema vitani, husema akipigwa, na maneno hayo hurudiwa mara nyingi. Neno moja likisikika mara moja ni maelezo. Likisikika mara mia ni kelele.

Katika The Legend of Zelda: Ocarina of Time, mchezo wa mwaka 1998, mvulana Link hufuatwa na kijimalaika kidogo kiitwacho Navi. Navi hana kosa vitani, hamzuii mtu kupita, tena mawaidha yake ni ya kweli. Hata hivyo wachezaji wamemtania kwa miaka mingi, kwa sababu moja tu: humwita mchezaji asikilize, na humwita tena na tena, hata wakati mchezaji ajua la kufanya.

MTOTO ALIYEPEWA JEMBE

Wasomaji watauliza kama haiwezekani basi kutunga mwenzi mdogo ambaye watu watampenda. Yawezekana. Mwaka 2018 ulitoka mchezo wa God of War, uliotungwa Marekani juu ya ngano za watu wa kaskazini ya Ulaya. Humo mchezaji humwendesha Kratos, baba mkali, naye hufuatana na mwanawe Atreus. Mvulana huyu pia amefiwa na mama. Safari yao ni ya kupeleka majivu ya marehemu kwenye kilele cha juu kuliko vyote.

Tazama jinsi watunzi walivyofanya. Atreus ana upinde, na mchezaji ana kitufe kimoja cha kumwamuru apige mshale. Kwa hiyo msaada wake hutoka mkononi mwa mchezaji, na huja wakati utakiwapo. Tena maadui hawawezi kumwua. Mara nyingine humshika au humwangusha, lakini mchezaji hapotezi safari kwa ajili yake. Vile vile yeye ndiye asomaye maandishi ambayo baba yake hawezi kuyasoma. Ni kama ule msemo wa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Atreus alipewa jembe tangu mapema, na watu wengi wakampenda.

Lakini hata yeye hakupendwa njia nzima. Katikati ya hadithi, akiisha kujua kwamba ana damu ya miungu, apata majivuno, amjibu baba yake kwa ufidhuli, na amwua adui aliyekwisha kushindwa ingawa baba yake alimkataza. Hapo wachezaji wengi waliudhika. Lakini maudhi hayo ndiyo aliyoyakusudia mtunzi. Baba aliyekuwa akiudhika katika hadithi na mchezaji aliyekuwa akiudhika kitini walikuwa pamoja.

JE, CHUKI HIYO ILIKUWA YA HAKI?

Tumrudie Hope. Watunzi wake walijua vizuri kwamba mchezaji atamchoka. Walimweka Lightning aseme maneno yaliyomo moyoni mwa mchezaji. Katika sura za mwanzo Lightning amwambia mvulana wazi kwamba ni kizuizi, kwamba hawezi kutembea huku akilea mtoto, na ataka kumwacha. Papo hapo atokea Odin, shujaa wa kichawi mwenye silaha, ashambulia, na Lightning ajikuta amesimama mbele ya mtoto kumkinga. Baada ya hapo amchukua, amfundisha, ampa kisu chake alichopewa na dada yake. Ni kana kwamba mtunzi alimwambia mchezaji, "Najua umechoka naye. Tazama sasa mwenziwe amefanyaje."

Kisha huko Palumpolum Hope amfungulia Snow moyo wake, na kwa uchawi amtupa ukingoni, naye amsogelea akiwa na kisu mkononi. Kabla hajamaliza, askari wapiga, naye Hope aanguka kutoka juu. Snow aruka na kumkinga kwa mwili wake mwenyewe. Mvulana aamka akiwa amebebwa mgongoni na mtu aliyetaka kumwua. Kisasi chaisha hapo.

Na mchezaji afikiapo nchi ya Pulse, ambako sasa aweza kuchagua wenzi wake, jambo la kuchekesha latokea. Hope yule yule huchaguliwa. Uhai wake ni mchache bado, lakini nguvu zake za uchawi ni kubwa kuliko za wote, naye ajua kuponya na kuwatia wenzake nguvu. Kundi la Lightning, Fang na Hope limekuwa mashuhuri kwa wachezaji. Wakati huo huo katika hadithi Hope aogopa kwamba awalemea wenzake, akawaomba wamwache. Hawakumwacha.

Mtu akitazama haya ataona kwamba si utoto uliochukiwa. Umri wa Hope haukubadilika kutoka sura ya kwanza hadi ya mwisho. Kilichobadilika ni kwamba alionekana kazi yake, na mchezaji alipewa hiari. Katika mchezo uliofuata, wa mwaka 2011, aonyeshwa amekuwa mtu mzima na mkuu wa wataalamu, na huko hakuna amwitaye mzigo.

Kwa upande mmoja, basi, tuwape wachezaji haki yao. Mchezo ni kazi ya mikono. Anayecheza hutoa muda na jasho lake, na mtunzi amtwikaye mzigo bila kumwuliza asishangae akilalamikiwa. Mtunzi akitaka mtoto apendwe, na asiwaadhibu watu kwa makosa ya mtoto yule, asimrudierudie maneno, na ampe kazi ionekanayo mapema.

Lakini kwa upande mwingine pana neno ambalo hatuwezi kulipita. Hope ni mvulana wa miaka 14 aliyemwona mama yake akianguka. Msomaji wa kidato cha kwanza au cha pili ni rika lake. Tulipomwita mlalamishi tulikuwa tukimpima kwa kipimo cha chombo, kama mtu apimavyo shoka: lakata au halikati? Tukasahau kumpima kwa kipimo cha mtu.

Na zile saa mbili hazimo katika mchezo tu. Kila mwaka katika shule za bweni huwapo mwanafunzi aitwaye ofisini katikati ya muhula akaambiwa kwamba mzazi wake amefariki. Huenda mazishini, hurudi baada ya juma moja. Siku za kwanza wenzake humzunguka, humpa pole, humfulia hata nguo. Baada ya majuma mawili au matatu huanza kuchoka. Mbona hachezi mpira? Mbona hasemi? Mbona kazi ya zamu yake haikufanywa vizuri, nasi bweni zima tumeadhibiwa? Kwa saa yetu mambo yale ni ya zamani, maana tumekwisha fanya majaribio mawili na kucheza mechi tatu. Kwa saa yake ni juzi tu. Naye hana kitufe cha kupita mbele hadi sura ifuatayo.

Katika mchezo twaweza kungoja watunzi wabadili mambo. Bwenini watunzi ni sisi. Yale mambo matatu yaliyomfanya Hope apendwe yamo mikononi mwetu: mwenzi aliye dhaifu asiadhibiwe kwa udhaifu wake, apewe kazi aiwezayo, na apatikane mmoja wa kutembea naye kwa hiari, bila kungoja apangwe na mkuu wa zamu.

MASWALI YA KUFIKIRI

1. Kwa nini Tails hupendwa katika njia nyingine na hulaaniwa katika njia nyingine za mchezo ule ule?
2. Eleza kwa maneno yako maana ya "saa mbili zisizolingana". Toa mfano usiokuwa wa mchezo.
3. Sungura wa hadithi zetu ni mdogo, naye hupendwa. Je, angepewa uhai mchache na kuwekwa kuwa kiongozi katika mchezo wa kompyuta, ungempenda bado? Toa sababu zako.
4. Kama ungekuwa wewe mtunzi wa kisa cha Hope, ungemwacha amwambie Snow neno lake katika sura ya ngapi? Ungepata nini, na ungepoteza nini?